Nilivyokwenda Maneromango Kutafuta Jina la Kichina

Mmeniuliza wote, na Festo peke yake ameniuliza mara nne, kwa nini siku ile darasani niliitika kwa sauti ya mwadhini wakati wenzangu mliitika kama watu wastaarabu. Nimekuwa nikijibu kwamba ni habari ndefu, kisha naendelea na kazi. Sasa nimechoka. Naiandika yote mara moja, msome wakati wa chai, na mkimaliza mniache nihesabu mizigo yangu kwa amani.

Kwa asiyetufahamu, sisi ni wafanyakazi wa kiwanda kimoja hapa Kibaha. Mimi ni mtunza stoo. Mabosi ni Wachina, na jioni mbili kwa wiki tunafundishwa lugha yao na Mwalimu Lin, mwanamke mfupi asiye na haraka, anayezungumza Kiswahili chake polepole kama mtu anayevuka daraja la miti. Jumatano moja alitwambia kwamba Jumatatu inayofuata kila mtu aje na jina la Kichina. Hilo ndilo litakaloandikwa kwenye daftari la mahudhurio, kwenye mtihani na kwenye cheti, na likishaandikwa halifutwi. Kwa wavivu alitoa orodha ya kuchagua. Festo alishachagua jina lenye maana ya joka kabla karatasi hazijafika safu ya nyuma.

Mimi nilikwama mwanzoni kabisa, kwa sababu Mwalimu alisema kwao jina la ukoo ndilo hutangulia, la mtu mwenyewe linafuata nyuma.

"Kwanza niambie wewe ni wa nani," alisema. "Baadaye utaniambia wewe ni nani."

Naitwa Hamisi Saidi Yohana. Tangu shule ya msingi watu wananiuliza Hamisi na Yohana wamekutana wapi, nami sijawahi kuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba babu yangu Mrisho alizaliwa Mwislamu na akazikwa Mwislamu, lakini kwenye makaratasi yake yote aliitwa Yohana, na baba akalirithi, na mimi nikalirithi, na binti zangu wawili wanalo. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, kabla sijapata akili ya kuuliza. Nyinyi mnajua nilivyo. Boksi lenye lebo isiyo yake likikaa stoo kwangu siku mbili, sili vizuri. Na hapa nilikuwa boksi la namna hiyo kwa miaka arobaini na moja.

Mama aliolewa akalikuta, hajui lilikotoka. Mtu mmoja tu alibaki wa kulijua jambo hili, Bibi Mwajuma wa Maneromango, dada mdogo wa babu. Ndiye aliyenilea miaka mitatu baada ya baba kufa. Kama bibi wengi wa kwetu, ananitania kwa kuniita mume wangu, na kila nikienda ananiuliza kwa nini nimemtelekeza kwa ajili ya kile kitoto nilichokioa Kibaha. Nikaomba ruhusa ya Ijumaa, nikaondoka.

Pangani hadi Mlandizi

Nilitoka nyumbani Pangani, hii yetu ya Kibaha, asubuhi. Mke wangu alinishauri nipite Dar kisha Kisarawe mjini, njia wanayopita watu wenye akili. Mimi nikaona kwa nini nizunguke, wakati kuna njia ya Mlandizi inayopita Dutumi na kutokea Mzenga. Kichwani mwangu ilikuwa fupi sana.

Mlandizi nilikaa saa nzima na nusu nikingoja gari la Mzenga ambalo kila mtu aliniambia limeondoka sasa hivi. Nikala chapati mbili kwa maharage, nikaongeza ya tatu kwa hasira. Ndipo akatokea dereva wa pikapu, kijana mnene mwenye sura ya kucheka, jina lake Shukuru. Alikuwa amebeba maboksi ya vifaranga wa siku moja, anawapeleka kwa wateja wake wa Mzenga na Maneromango. Alikuwa na nafasi mbele kwa mtu atakayekubali kupakata boksi moja lililokosa mahali. Nikakubali. Vifaranga mia moja mapajani, wote wanaongea.

"Unakwenda kwa heri, kaka?" aliniuliza tulipoiacha lami.

"Kwa heri. Nakwenda kumuuliza bibi yangu jina la ukoo wetu."

"Mirathi?"

"Hapana. Kuna Wachina wanalitaka. Jumatatu liwe limeshaandikwa."

Nataka mlitazame vizuri jibu hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza. Halikuwa na uongo hata kidogo. Sipendi kueleza mambo, mnanijua, na vifaranga walikuwa wanapiga kelele. Shukuru akanitazama, akaitazama barabara, akanitazama tena.

Dutumi, tulikokaa zaidi ya tulivyotaka

Vifaranga hawapendi joto. Kila baada ya muda Shukuru alisimamisha gari chini ya kivuli, tukafungua maboksi, tukawapepea kwa kofia, tukafunga, tukaendelea. Tulikuwa tumeshafanya hivyo mara tatu tulipofika Dutumi na kukuta kalavati limebomoka kwa mvua ya juzi. Wanaume walikuwa wamekaa kando wakingoja trekta lilete mawe. Trekta lilikuwa shambani kwa mtu. Mwenye trekta alikuwa msikitini kwa swala ya Ijumaa.

Tukaswali nasi, tukarudi, tukangoja. Palikuwa na mama mmoja anayepika karibu na lile kalavati, na nadhani hakuwa na haraka ya kuliona likitengenezwa. Nikala bada kwa kambale wa kukaushwa aliyeungwa nazi. Mliozoea ugali wa sembe, bada ni ule wa unga wa muhogo, unateleza na unashiba nao mpaka kesho. Nilikuwa sijaula tangu utotoni. Niliumega polepole, na nakiri kwamba kwa muda niliisahau safari.

Mzee mmoja aliyekuwa akila pembeni aliniuliza ninakokwenda. Shukuru akanitangulia kujibu.

"Anakwenda Maneromango kwa mambo ya ukoo. Ana Wachina wake."

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni. "Huanza hivyo hivyo," alisema. "Wanakuja wanauliza majina. Kesho yake wanauliza mipaka."

Ningepaswa kumrekebisha pale pale. Badala yake niliomba kipande kingine cha kambale. Nilimwona Shukuru akisogea kando na simu sikioni, akizungumza kwa muda mrefu huku akinitupia jicho, na nikadhani anamweleza mteja wake kuhusu vifaranga. Mteja wake, nilikuja kujua, alikuwa mke wa mwenyekiti wa kitongoji anachokaa Bibi Mwajuma.

Trekta lilikuja alasiri.

Mzenga hadi Maneromango

Mzenga Shukuru alishusha nusu ya maboksi, akaniambia atalala pale, vifaranga wa Maneromango atawapeleka kesho asubuhi na baridi. Aliniaga kwa heshima iliyozidi kiasi, akanitafutia pikipiki. Yule wa pikipiki alikuwa mwanamume mtu mzima mwenye koti la mvua juani.

"Wewe ndiye wa Mchina?" aliniuliza kabla sijapanda.

Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye ninayejifunza Kichina. Hakunisikia, au alisikia alichotaka. Njia nzima, kwenye madimbwi na mchanga, alinionyesha mashamba kwa mkono mmoja. Hili la mikorosho ni la fulani, haliuzwi. Lile la mihogo ni la watoto wa fulani, wako mahakamani. Mahali pamoja tulianguka taratibu kabisa kwenye matope, tukainuka, akaendelea na sentensi yake palepale alipoiachia. Nilifika kwa Bibi jua likiwa limeanza kulegea, suruali yangu ina rangi mbili.

Kikao

Nilizoea kumkuta Bibi peke yake na kuku wake. Siku hiyo nilikuta viti. Watu kama tisa walikuwa wamekaa barazani kwa mpangilio, wakiwamo mwenyekiti wa kitongoji mwenye daftari gumu mapajani na Baba mdogo Omari, mtoto wa Bibi, aliyekuwa amevaa kanzu ya sikukuu. Bibi alikaa mkekani, amenyoosha miguu, mgongo wima kama kawaida yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Tangu nipate fahamu hajawahi kuniita hivyo. Nikapewa maji, nikapewa kiti, nikaketi mbele yao kama mshitakiwa.

Mwenyekiti akakohoa, akafungua daftari. Alisema wamepata taarifa kwamba kuna mwana ukoo anayefanya kazi na Wachina, na kwamba Wachina hao wanataka jina la ukoo liandikwe Jumatatu, na kwamba kila mtu mzima anajua jina la ukoo huandikwa kwenye hati ya aina gani. Akasema shamba la marehemu Mzee Mrisho, lenye mikorosho, halijawahi kuuzwa na haliuzwi. Watu wakaitikia kwa kuguna.

"Una la kusema, Hamisi?" akauliza Baba mdogo Omari. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu kwa niaba yangu.

Nikaeleza. Kwa mara ya kwanza katika safari ile nilieleza jambo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikatoa daftari langu la darasani, nikawaonyesha mistari na vibanda ninavyochora, nikasema mwalimu ni mwanamke mfupi, hana trekta, hataki ekari hata moja, anataka jina la kuniitia darasani. Daftari likapita mkono kwa mkono. Mama mmoja akauliza kama hayo ndiyo maandishi au nilikuwa najaribu kalamu.

Mwenyekiti alilitazama daftari lake kwa masikitiko. Nafikiri alishaandika ukurasa mzima wa kikao na alikuwa anaupenda. Baadaye akacheka, wote wakacheka, mke wake akasema siku nzima amewasahau vifaranga wake kwa ajili ya kitu kisichokuwapo. Chai ikaja na mihogo ya kuchemsha. Nilijiona nimepona.

Bibi hakucheka. Alingoja mpaka mgeni wa mwisho aliposimama, kisha akasema huku akikusanya vikombe.

"Mchina wa shamba nilikuwa na jibu lake. Mchina wa jina sina."

Akaingia ndani. Baba mdogo Omari akanionyesha kitanda. Nililala nimechoka lakini sikulala vizuri. Nilikuwa tayari kurudi Kibaha bila jina, nichague moja kwenye orodha kama Festo. Kurudi huku Bibi ananiita mgeni, hilo sikuliweza.

Jumamosi, kwenye kinu

Asubuhi nilimkuta Bibi nyuma ya nyumba na majani ya muhogo, anataka kutwanga kisamvu. Nikachukua mchi. Wanawake wa jirani walisimama kutazama mwanamume wa kiwandani anavyotwanga, wakaniambia nisikiumize kinu. Bibi alikaa kando akichambua mchele.

Mwishowe aliuliza, "Hilo jina mwalimu wako atakupa yeye?"

"Nikinyamaza, atanipa yeye. Ndiyo maana nimekuja."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kaka yangu alinyamaza," alisema.

Nitaieleza kama alivyoieleza, ila kwa kifupi. Babu alikuwa na miaka kama tisa alipopelekwa shule, shule ya misheni ya mbali ambayo siku hizi haipo hata jengo. Siku ya kwanza watoto walipangwa mstari mrefu na kila mmoja akaulizwa jina. Zamu yake ilipofika alishikwa na woga, ulimi ukagoma. Akaulizwa tena, kimya. Mwandikaji alikuwa na watoto wengine wengi wa kuandika, akamwandikia Yohana, akamwita anayefuata. Babu akarudi nyumbani jioni, akamwambia baba yake kwamba yeye sasa ni Yohana.

"Baba hakumpiga," Bibi alisema. "Ingekuwa afadhali angempiga. Alikaa tu. Kesho yake akasema jina la shule libaki shule, hapa nyumbani atakuwa Mrisho wa Kondo kama alivyozaliwa."

Hivyo ndivyo nilivyolisikia kwa mara ya kwanza. Kondo. Baba wa babu yangu aliitwa Kondo, na babu yake Kondo, na babu wa huyo vilevile, jina lilikuwa likirukia kwa mjukuu. Ila jina la shule halikubaki shule. Babu alipopata kazi reli, cheti kilisema Yohana. Watoto wake walipoandikishwa, Yohana. Mzee Kondo alikuwa na mtoto wa kiume huyo mmoja tu. Na Bibi mwenyewe, alipoandikiwa kitambulisho, aliandikwa kwa jina la mume wake, kwa hiyo hakuna karatasi yoyote duniani yenye neno Kondo la ukoo wetu.

"Mimi nikiondoka limekwisha," alisema. "Na wewe unakuja kuniambia kuna shule nyingine, na mwalimu mwingine, na mstari mwingine. Unataka nifurahi?"

Niliona haya mbele yake. Niliacha kutwanga. Nikamweleza kitu ambacho sikukieleza kwenye kikao kwa sababu sikujua kwamba kina maana. Nikamwambia kwa Wachina jina la ukoo linakaa mbele. Mtu akiitwa, wanaitwa kwanza waliomzaa.

"Mbele?"

"Mbele, Bibi. La Hamisi linafuata nyuma."

Akafikiri. "Basi hao watu wana adabu," alisema, akarudi kwenye mchele wake. Baadaye kidogo akaongeza, "Twanga, hicho bado kigumu."

Gogo la mkorosho

Kwa Bibi mtandao haushiki. Unashika mahali pamoja tu, juu ya gogo la mkorosho ulioanguka nyuma ya duka la Baba mdogo Omari, na ukisimama upande wa kushoto. Nilisimama pale kama jogoo anayetaka kuwika, nikamtumia Mwalimu Lin ujumbe wa sauti. Nikamweleza habari ya Kondo, ya babu na mstari wa shule, nikamuuliza kama Kichina kina mahali pa kuliweka.

Jibu lilichelewa. Nilikula embe mbili juu ya gogo. Kisha simu ikalia mfululizo. Mwalimu alisema kwao kuna ukoo wa zamani sana unaoitwa Kong, ambao watu wa kila mahali wanauheshimu, na kwamba angefurahi kuniandika humo kama bibi yangu hana kizuizi. Akasema jina la pili, la kwangu mwenyewe, nalo bibi achague. Akatuma picha ya alama iliyoandikwa kwa mkono, kubwa, yenye mishale ya kuonyesha kalamu inaanzia wapi. Ina viharusi vinne tu. Niliinakili kwenye daftari mara kumi mpaka mkono ukazoea, nikachana ukurasa safi, nikaiandika moja kubwa, nikampelekea Bibi.

Aliishika karatasi mbali na macho.

"Hiki cha kushoto ni nini?"

"Hiki peke yake maana yake ni mtoto."

"Na hiki cha kulia?"

Cha kulia ni mstari mmoja tu, unashuka wima halafu unapinda na kunyooka chini. Nikamwambia kwamba ni mstari, hauna maana.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, mgongo wima, miguu ameinyoosha. Alijitazama miguu, akaitazama karatasi.

"Ni mtu amekaa na mtoto," alisema. "Kwa nini mnasema hauna maana?"

Kuhusu jina la pili alikataa kabisa kuchagua. La mbele ni letu, alisema, tumelitoa sisi. La nyuma wakupe wao wenyewe, usiende kwa watu ukakataa kila wanachokupa. Nikarudi kwenye gogo kumwambia Mwalimu.

Jumapili, wali wa jina

Nilitaka kuondoka alfajiri. Bibi akasema hapana, kwetu mtu hapewi jina bila watu kula wali. Nikamwambia mimi nina watoto wawili na mvi. Akasema mvi zangu hazimhusu. Kuku wawili wakaondoka duniani kwa ajili ya somo la Kichina, na ule mchele aliokuwa akiuchambua Jumamosi, kumbe ulikuwa wa shughuli hii. Alishakata shauri kabla hata sijamaliza kutwanga, na hakuniambia.

Walikuja walewale wa kikao, safari hii bila daftari. Shukuru naye alikuwapo, alikuja kuwatazama vifaranga akabaki kula. Aliniomba radhi kwa simu yake, nikamwambia kosa lilikuwa langu, nikamwongezea kisamvu.

Kabla ya kula ilifanyika desturi ya nyumba ile. Mtoto anapopewa jina, mkubwa wa ukoo humwita kwa jina hilo mara tatu mbele ya watu, na kwa kuwa mchanga hawezi kusema, mama yake huitika kwa niaba yake. Mimi mama yangu yuko Kibaha, isitoshe nina mdomo. Nikakalishwa mkekani mbele ya Bibi. Akaichukua ile karatasi, akaishika kama mtu anayesoma.

"Kondo," aliita.

"Labeka," nikajibu.

"Kondo."

"Labeka."

Akaishusha karatasi. "Hiyo sauti hata kuku wa nje hawaisikii. Kaka yangu alikuwa na sauti kama hiyo, unaona ilivyotufikisha." Watu wakacheka, mimi nikashindwa kucheka kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Kondo."

Niliitika kwa nguvu zangu zote. Mbuzi wa jirani akaitika pia. Baba mdogo Omari akasoma dua fupi, tukala wali wa nazi kwa kuku na kisamvu, na nilipoinuka kunawa Bibi alinishika mkono wa shati.

"Mwalimu akikuita usinyamaze. Umesikia, mume wangu?"

Nilisema nimesikia. Nilitembea mpaka kwenye pikipiki nikijifanya kwamba vumbi limeniingia machoni.

Kurudi kwa njia ya Kisarawe

Njia ya wenye akili, mke wangu alikuwa sahihi, ingawa mvua ilitukamata katikati na Baba mdogo Omari alikuwa akiendesha pikipiki kwa kukariri kuliko kwa kuona. Tulijibanza kwenye kibanda cha kukaushia korosho na kuzungumza habari za baba yangu, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia na ambayo nayaweka kwangu. Kisarawe mjini tuliagana. Nikanywa chai ya tangawizi nikingoja gari, nikatoa daftari na kujaribu tena vile viharusi vinne. Mama mwenye mgahawa akauliza kama nachora ramani ya kwangu. Nikamwambia ndiyo, na safari hii pia sikueleza, lakini huyu hakuwa na simu mkononi.

Nilifika Pangani jioni. Binti zangu wakanyang'anyana korosho. Mkubwa akaniuliza nimepata jina gani, nikamwandikia kwenye kiganja.

Jumatatu

Hii mliiona wenyewe, ila mliiona kutoka nje.

Mwalimu Lin aliingia na daftari jipya la mahudhurio. Nyuma ya Kong ameniandikia Yuan, maana yake mbali, kwa sababu, alisema, hajapata mwanafunzi aliyekwenda mbali hivyo kufanya kazi ya nyumbani. Akaanza kuita. Mlikuwa mkiitika mmoja mmoja kwa Kichina tulichofundishwa, taratibu, wengine mnacheka. Joka aliitika huku anatafuta kalamu chini ya meza.

Mimi nilikuwa nautazama mstari wa viti. Niliuona mrefu kuliko ulivyo. Zamu iliposogea karibu yangu ulimi ulianza kukauka kweli, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, na nikamwelewa yule mtoto wa miaka tisa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote. Mwalimu akainua macho, akaita Kong Yuan, la mbele likiwa mbele.

Nikaitika. Madirisha yalisikia, Festo akaangusha kalamu mara ya pili, na walinzi wa getini wakachungulia kuona nani ameumia. Na sikuitika kwa Kichina. Nilisema labeka.

Mwalimu Lin alicheka kwa mkono mdomoni, akasema polepole kwamba darasa ni dogo, hakuna haja ya kupaza sauti.

Nikamwambia anisamehe, nilikuwa nimeagizwa.